Mzigo wa Mtoto Mwenye Kipawa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Gataka



Natoa shukrani zangu kwa Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema mbele ya mkutano huu. Taarifa ya Katibu tumeisikia, na hesabu za Mweka Hazina tumezisikia. Lililobaki mbele yetu ni lile pendekezo la Mfuko wa Michezo, nami nimeombwa nilieleze kwa upana kidogo, ili kila mwanachama apige kura akijua anachokipigia.

Pendekezo lenyewe lina vifungu viwili. Kifungu cha kwanza chasema kwamba chama chetu kitenge fedha kila mwaka kwa ajili ya watoto wetu walio hodari katika mbio na mpira, wa hapa Gataka na wa jirani zetu mpaka Kitengela: wanunuliwe viatu, walipiwe nauli ya kwenda mashindanoni, na waongezewe karo pale mzazi anapokwama. Kifungu hicho nakiunga mkono kwa moyo wote. Kifungu cha pili chasema kwamba mtoto atakayesaidiwa hivyo, siku atakapofaulu na kupata fedha, atarudisha kwa chama sehemu ya mapato yake. Juu ya kifungu hicho cha pili ninalo neno, na neno langu ni kwamba tukifute.

Najua kwamba walioandika kifungu hicho hawakukiandika kwa tamaa. Wamo humu wajane wanaotoa mchango wao wa kila mwezi kwa kuuza mboga, na si haki fedha yao kutumika ovyo. Lakini kabla ya kumwandikia mtoto deni, yafaa tujue kwanza ni madeni mangapi mengine anayodaiwa tayari.

Mtoto akizaliwa na kipawa kisicho cha kawaida, sote hufurahi, na furaha hiyo ni halali. Ila tutazame yanayofuata nyuma ya furaha. Na tumfikirie mtoto wa miaka 14, wa hapa kwetu au wa penginepo. Jumamosi amewashinda vijana wakubwa katika mashindano ya shule. Jumapili, watu wanampa mkono baada ya ibada. Jumatatu, mwenye duka amempa soda bila malipo. Kabla mwezi haujaisha, mjomba wake amekwisha kumwambia mwenye duka yule yule kwamba deni lake litalipwa kijana akienda ng'ambo. Shuleni anatolewa katika somo la hesabu ili afanye mazoezi, kwa kuwa shule yataka kikombe. Nyumbani, dada yake mdogo amekosa kitabu kwa sababu fedha zimekwenda kwenye viatu vya kaka. Na usiku mama yake amwambia kwa upole, bila nia mbaya yo yote, "Mwanangu, wewe ndiwe tumaini letu." Mtoto huyo hajapokea hata shilingi moja kwa mbio zake, lakini amekwisha kuwa mdaiwa wa watu wengi.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mtoto huyu sisi twauona mwepesi kwa kuwa hatuubebi. Twaona medali tu. Hatumwoni akikosa usingizi kabla ya mashindano, akihesabu ni watu wangapi watakaoaibika akishindwa. Mtoto mwingine akishindwa mbio hulia kidogo, akanywa maji, akaenda kucheza. Mtoto mwenye kipawa akishindwa mbio, nyumba nzima hulala kimya.

Walisema pia kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ni njema kwa mtu mzima aliyeichagua kazi yake mwenyewe. Lakini kwa watoto wengi wa namna hii mambo yamegeuka: mmoja anachuma juani, na wanaokula kivulini ni wengine.

Bwana Mwenyekiti, wengi wetu tumekuja kukaa katika nchi hii ya Kajiado kutoka sehemu nyingine, na wenyeji wetu Wamaasai wanayo hekima ambayo ingefaa tuisikie leo. Wazee wa Kimaasai walio pamoja nasi watanisahihisha nikikosea. Katika sherehe ya eunoto, rika la morani linapovuka daraja kuuelekea utu uzima, huteuliwa kijana mmoja aitwaye olotuno. Hateuliwi kijana dhaifu. Huteuliwa mwenye mwili usio na ila na mwenendo mwema. Hata hivyo uteuzi huo haupokewi kama zawadi ya bahati. Kijana huyo hubeba mabaya ya rika lake zima kwa niaba ya wenzake, na wengi wamekuwa wakiogopa kuteuliwa, na wazazi wakiogopa kwa ajili ya wana wao. Nalileta jambo hili kwa sababu moja tu. Wamaasai walipomchagua aliye bora miongoni mwa vijana wao, walikiri waziwazi kwamba wanamtwika mzigo. Sisi tunawatwika watoto wetu mzigo, kisha twauita bahati, na mtoto akilalamika twamwambia kwamba hana shukrani.

Sasa niingie katika mambo yaliyotokea katika nchi yetu, ambayo wengi wenu mnayakumbuka.

Samuel Wanjiru alizaliwa mwaka 1986 akakulia upande wa Nyahururu katika hali ya umaskini. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa Japani kusoma katika shule ya Sendai Ikuei kwa sababu ya miguu yake. Mwaka 2005, akiwa na miaka 18, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni. Mwaka 2008 huko Beijing, akiwa na miaka 21, alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mbio za marathoni za Olimpiki. Alikimbia kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, akaivunja rekodi ya Olimpiki katika joto ambalo wengi walidhani litawalazimisha wakimbiaji kwenda polepole. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, na mwaka 2010 akashinda Chicago tena.

Tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafariki. Alikuwa na miaka 24. Kabla ya hapo magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika juu ya pombe, juu ya magomvi ya nyumbani, na juu ya umati wa marafiki waliomzunguka tangu apate fedha. Na baada ya kufa kwake, jamaa walibishana hata mazishi yakachelewa kwa karibu mwezi mmoja. Simlaumu marehemu, wala siwalaumu jamaa zake, kwa kuwa msiba ni msiba. Nauliza swali tu. Kijana huyu alifundishwa kukimbia na watu hodari wa nchi mbili. Ni nani aliyemfundisha kukataa? Ni nani aliyesimama mlangoni pake akawaambia waombaji, "Kijana amechoka, njoni kesho"? Mtu wa miaka 21 akiwa na mali ya mzee wa miaka 60, na asiwe na mzee hata mmoja wa kumlinda asiyemwomba kitu, yu katika hatari kubwa.

Si ukoo peke yake unaodai. Taifa nalo hudai. Stephen Cherono wa Keiyo alikuwa kijana wa miaka 20 alipokubali mwaka 2003 kukimbilia nchi ya Qatar, akachukua jina jipya la Saif Saaeed Shaheen. Mwaka huo huo alishinda mbio za kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris. Ndugu yake Abraham alikuwamo katika mbio zile zile akiikimbilia Kenya, na kaka yao Christopher Koskei ndiye aliyekuwa ameishindia Kenya medali ya dhahabu katika mbio hizo mwaka 1999. Ushindi wa Paris haukushangiliwa nyumbani kama ushindi wa mwana. Mwaka 2004 Kenya ilikataa kumpa ruhusa, naye akakosa Michezo ya Olimpiki ya Athens. Mwaka huo huo alikimbia mjini Brussels kwa dakika 7, sekunde 53 na sehemu 63 za mia, rekodi ya dunia iliyodumu mpaka mwaka 2023.

Wako waliomwita msaliti, na wako waliosema kwamba mtu ana haki ya kuuza jasho lake. Sitaki kuyafufua mabishano hayo hapa. Nataka tuone tu kwamba kijana mmoja alivutwa na mali upande huu, na bendera upande huu, na damu ya nduguze katikati, katika umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunamwuliza baba ruhusa ya kutoka nyumbani.

Wakubwa wa michezo wa dunia wameanza kuiona hatari hii. Chama cha riadha cha dunia kiliweka sheria mwaka 2018 kwamba mwanariadha asihamie nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 20, wala asihame zaidi ya mara moja, na angoje miaka mitatu kabla ya kuikimbilia nchi mpya. FIFA nayo, ukiacha hali chache zilizotajwa katika sheria zake, hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, faida ya mtoto ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Sheria hizo ni njema, lakini sheria haiingii jikoni. Haimsikii mjomba anapozungumza na mwenye duka. Mahali ambapo sheria haifiki, hapo ndipo chama kama hiki chetu kinapotakiwa.

Liko pia jambo la umri, ambalo husemwa kwa kunong'ona. Mtoto anapunguziwa miaka ili acheze na wadogo zake na kuwashinda. Wazazi wanajua, walimu wanajua, na mtoto anaambiwa anyamaze. Katika mpira, tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikiwapima vijana wa mashindano ya dunia ya chini ya miaka 17 kwa kupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono, na uongo wa namna hiyo umetoka hadharani. Lakini tufikiri juu ya mtoto mwenyewe. Kila anaposhangiliwa, yeye ajua kwamba anayeshangiliwa si yeye. Ushindi huo hauwezi kumfurahisha, na siku uongo utakapofichuka, wakubwa waliomfundisha kuusema watakuwa wa kwanza kumkimbia. Vivyo hivyo kwa dawa za kuongeza nguvu. Kijana anayedaiwa na ukoo mzima, akaumia mguu wiki tatu kabla ya mashindano, ni rahisi sana kwake kuyasikiliza maneno ya mtu aliyeshika bomba la sindano.

Mabibi na mabwana, kwa watoto wa kike mzigo huu ni mara mbili, nami naomba wanaume wenzangu wanisikilize hapa. Agnes Tirop alikuwa na miaka 19 aliposhinda mbio za nyika za dunia huko Guiyang, China, mwezi Machi 2015. Alipata medali ya shaba katika mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2017 na tena mwaka 2019. Mwezi Septemba 2021, huko Ujerumani, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba 2021, alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Wanariadha wenzake waliandamana, wakaanzisha shirika kwa jina lake la kuwalinda wasichana wa michezo. Mwezi Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alifariki mjini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia.

Wanariadha wenyewe wameeleza tangu hapo jinsi njia ya mambo haya ilivyo. Msichana huonekana mapema na mtu mwenye umri kumzidi, ambaye huja kama mwalimu au mfadhili. Humnunulia viatu. Humlipia chumba karibu na uwanja. Baadaye huwa mume wake au kama mume, na ndiye ashikaye kitabu cha benki. Wazazi, wakiwa mbali, hushukuru kwamba mtoto amepata wa kumwangalia. Tazameni vizuri, wanachama wenzangu, mambo hayo yaanzia wapi. Yaanzia kwenye jozi ya viatu iliyotolewa kama zawadi, ambayo baadaye yageuka kuwa deni. Basi chama chetu nacho chataka kutoa viatu. Hatuna budi kuwa tofauti kabisa na mtu yule, hata mtoto mwenyewe aione tofauti.

Nisije nikawatia hofu mkadhani kwamba kipawa ni laana. Wako waliobebewa mzigo wakafika.

David Rudisha ni mwana wa Kimaasai kutoka Kilgoris. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti huko Mexico mwaka 1968, kwa hiyo mtoto alikua chini ya jina zito. Alikwenda Iten akiwa bado kijana, akafundishwa na Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Ireland ambaye alikuja kufundisha katika shule ya St. Patrick's mwaka 1976. Mwaka 2006 Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800. Mwaka 2009, huko Berlin, watu wengi walitazamia ushindi, naye hakufika hata fainali. Hapakuwa na kufukuzana. Alirudi kwa mwalimu yule yule. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia mara mbili katika muda wa wiki moja, na mwaka 2012 huko London alishinda Olimpiki kwa dakika 1, sekunde 40 na sehemu 91 za mia.

Eliud Kipchoge naye alikuwa na miaka 18 aliposhinda mita 5,000 katika mashindano yale yale ya Paris ya mwaka 2003 niliyoyataja. Mwaka 2012 alikosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya London. Wengine wangemwona amekwisha. Mwalimu wake, Patrick Sang, ambaye mwenyewe alikuwa amepata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992, alibaki naye, akaenda naye katika marathoni, na kijana yule wa Paris akashinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo mwaka 2021. Katika miaka yote hiyo alikaa na wenzake katika kambi ya Kaptagat, akifagia na kusafisha vyoo kwa zamu kama mkimbiaji mgeni aliyefika jana.

Watu hao wawili hawakuwa na miguu mizuri kuliko ya Wanjiru. Walichokuwa nacho ni mtu mzima mmoja aliyebaki mahali pake, wakishinda na wakishindwa, na kundi ambalo ndani yake bingwa ni mtu kama watu wengine.

Na hapa hapa Kajiado tunao mfano. Tangu mwaka 2012 morani wa pande za Amboseli wamekuwa wakikutana Kimana kwa mashindano yajulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai. Wanashindana kukimbia, kurusha mkuki, kurusha rungu, na kuruka juu, ili ushujaa uonyeshwe uwanjani mahali pa kumwua simba. Wazee wameshiriki tangu mwanzo. Medali humwendea mshindi, lakini ng'ombe dume wa mbegu huiendea manyatta iliyoshinda. Hivyo sifa inagawanywa, na mzigo wa kushindwa nao unagawanywa. Hakuna kijana mmoja anayerudi nyumbani akiwa amebeba aibu ya wote.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha kusema kwamba kifungu cha pili kifutwe. Sasa ni haki nijibu maneno ya wanaokitaka.

Wanasema kwamba fedha hii ni jasho la wanachama, na mfuko usiojazwa utakauka. Ni kweli. Lakini chama hiki kinapomsaidia mtoto anayesomea uuguzi, hatumwandikii kwamba atatulipa sehemu ya mshahara wake. Twasema tumemsaidia mtoto wetu. Kwa nini mtoto wa mbio awe tofauti? Ni kwa sababu twaota kwamba atapata mamilioni. Basi ndoto yetu ndiyo inayomwandikia deni, wala si viatu vyake. Tena deni la nauli lina kikomo, lakini deni la "sehemu ya mapato" halina kikomo, litamfuata kijana kila aendako, na kila atakayetaka kumdai atasema, "Hata chama chenu kinamdai."

Wanasema pia kwamba kugawana ni desturi yetu, na mtoto asiyefundishwa kurudisha atakuwa mgeni kwa watu wake. Nakubali kwamba kugawana ni desturi yetu, nami singependa kuona siku ambapo imekufa. Lakini katika desturi hiyo, anayetoa ni mtu mzima anayeweza kusema ndiyo au la. Mtoto wa miaka 14 hawezi kusema la mbele ya wazee waliokaa juu ya viti. Akitia sahihi, ametia kwa sababu ya heshima na woga. Tumsaidie bure. Akikua, akakumbuka, akaleta chake kwa hiari, tutakipokea kwa furaha na kukiandika katika taarifa ya mwaka. Asipoleta, tutakuwa tumemlea mtoto, na kulea mtoto hakuna hasara.

Mahali pa kifungu hicho naomba tuweke masharti yanayotubana sisi wenyewe.

Kwanza, mtoto anayesaidiwa abaki shuleni, na ripoti yake ya kila muhula ionwe na Kamati kabla ya kikombe chake.

Pili, mtoto akiumia au akishindwa, msaada wa karo usikatwe mpaka amalize masomo ya sekondari. Tukimwacha siku ile anapoumia, atajua kwamba tulikuwa tunasaidia miguu yake, si yeye. Sharti hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu wengi hawatafika Olimpiki. Hata wale wanaofika, siku moja mbio huisha. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978, akakosa Olimpiki za 1976 na 1980 kwa kuwa nchi yetu ilisusia, akapita katika pombe na ufukara, akabeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege huko Marekani kabla ya kusimama tena akawa mwalimu. Alifariki mwaka 2024, na wako vijana wengi wa mbio ambao hawakulijua jina lake.

Tatu, karatasi yo yote ya wakala au ya safari isitiwe sahihi mpaka mzazi aisome, na asiyejua kusoma asomewe na wakili katika lugha aijuayo.

Nne, mtoto wa kike asisafiri kwenda mashindanoni wala kambini bila mama mmoja anayejulikana na Kamati, na nauli ya mama huyo ilipwe na mfuko. Ni gharama, lakini ni gharama ya lazima.

Tano, ndugu wa mtoto huyo wasisahauliwe. Nyumba inayosaidiwa kwa ajili ya mmoja na iulizwe habari za wengine, ili asiwepo mtoto anayemchukia kaka yake kwa sababu ya jozi ya viatu.

Sita, nalo halina gharama yo yote, tupunguze sifa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtoto wa jirani akishinda, mpeni mkono, mwulizeni habari za masomo, kisha mwacheni aende kuchota maji kama watoto wengine. Akishindwa, mpeni mkono ule ule.

Wazee wangu, watoto wetu wanakimbia kila asubuhi kando ya barabara zetu zenye vumbi, kwa maana viwanja vingi vimekwisha kukatwa viploti na kuuzwa. Katika hao, huenda mmoja amezaliwa na kipawa ambacho hutokea mara moja katika maisha ya mtu. Mtoto huyo hajui bado, nasi hatujui ni yupi. Atakapojulikana, watakuwako wengi wa kumpanda mgongoni. Naomba chama hiki kisiwemo katika hesabu ya hao.

Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba kifungu cha kwanza kipite, kifungu cha pili kifutwe, na masharti sita niliyoyasoma yawekwe mahali pake.